Maneno ya benki na biashara: namna ya kuyasoma kabla hujatia saini

Mkopo, faida, salio, dhamana, mtaji. Hakuna asiyeyajua maneno haya, na ndiyo maana yanawaponza watu. Ukikutana na neno geni kabisa utauliza. Ukikutana na neno ulilolizoea unapita tu, kumbe aliyeliandika alikuwa na maana yake. Mwongozo huu si kamusi. Unafuata karatasi zenyewe kwa mpangilio ambao wengi wetu hukutana nazo, kuanzia taarifa ya akaunti hadi mkataba wa mdhamini. Tarakimu zote ni za mfano, kwa hiyo weka sarafu unayoitumia.

Hatua ya 1: Jua neno limesemwa kutoka upande gani wa kaunta

Kila muamala una watu wawili, na kila mmoja anauandika kwa jicho lake. Fedha uliyoweka benki ni mali yako, lakini kwa benki ni deni: imeipokea kwako na siku ukiidai lazima ikulipe. Mkopo uliochukua ni deni lako, lakini kwa benki ndiyo mali yake, tena ndiyo inayoiingizia riba. Ukilishika hilo, nusu ya maneno ya fedha yatakuwa yameshafunguka.

Anza na debiti na krediti, maana ndiyo yanayosumbua zaidi. Taarifa ya benki huandika krediti fedha inapoingia kwenye akaunti yako na debiti inapotoka. Mtu akishazoea hivyo, akienda kujifunza uhasibu anaambiwa fedha ikiingia benki "debiti akaunti ya benki", anachanganyikiwa. Hakuna aliyekosea. Taarifa ile ni nakala ya daftari la benki, na humo wewe ni mtu anayeidai. Fedha yako ikiongezeka, deni la benki kwako limeongezeka, na deni huongezeka upande wa krediti. Kwenye daftari lako wewe, fedha hiyo hiyo ni mali iliyoongezeka, na mali huongezeka upande wa debiti. Utaratibu huu wa kuandika kila muamala mara mbili ulikuwa tayari unatumiwa na wafanyabiashara wa Italia wakati mtawa Luca Pacioli alipouchapisha katika kitabu chake cha hesabu huko Venice mwaka 1494. Programu za uhasibu za leo bado zinaufuata.

Wadai na wadaiwa ni jozi nyingine. Kwenye hesabu za biashara yako, wadaiwa ni wale walioshika fedha yako: wateja waliochukua mali na hawajalipa. Wadai ni wale unaotakiwa kuwalipa wewe. Mtu anayesema "nina wadaiwa wengi" huenda akadhani anajisifu, na huenda ni kweli, ila inategemea wadaiwa hao wanalipa lini. Tutalirudia hilo kwenye hesabu za biashara.

Kwa hiyo, kabla ya kuuliza "neno hili maana yake nini", uliza "nani anasema?" Kisha uliza maswali mawili zaidi: linahesabiwa juu ya kiasi gani, na kwa muda gani? Asilimia isiyo na majibu ya maswali hayo mawili haijakwambia kitu.

Hatua ya 2: Soma taarifa ya akaunti mstari kwa mstari

Aina za akaunti hazina ugumu. Akaunti ya akiba hulipa riba kidogo na mara nyingi huwekewa masharti ya kutoa. Akaunti ya hundi, ambayo wengine huiita akaunti ya biashara, ni ya miamala ya kila siku, na kwa kawaida hailipi riba au hulipa kidogo sana. Amana ya muda maalumu hulipa zaidi kwa sababu umekubali kutoigusa fedha hadi tarehe fulani. Ukiivunja kabla, riba hupunguzwa au hupotea yote.

Penye mtego ni salio. Benki nyingi huonyesha masalio mawili. Salio la leja linajumuisha kila kilichoandikwa kwenye akaunti, pamoja na hundi uliyoweka jana ambayo benki ya mwenye hundi bado haijailipa. Salio linalopatikana ndilo unaloweza kulitumia sasa hivi. Ukitoa hundi kwa kutegemea salio la leja, hundi yako inaweza kurudishwa kwa kukosa fedha ingawa kwenye simu uliona kiasi cha kutosha. Na hundi ikirudi, unatozwa ada, na katika nchi nyingi kuitoa ukijua huna fedha ni kosa la jinai.

Kadi nazo zina jambo lao. Hoteli au kituo cha mafuta kinaweza kuzuia kiasi fulani kwenye akaunti yako kabla hakijajua bili kamili. Kiasi hicho bado ni chako, leja bado inakionyesha, lakini huwezi kukitumia mpaka zuio liondolewe.

Angalia pia tarehe mbili. Tarehe ya muamala ni siku jambo lilipofanyika. Tarehe ya thamani ni siku ambayo fedha inaanza kuhesabiwa riba, iwe ya kukulipa au ya kukutoza. Kwa mwenye akaunti ya akiba tofauti ya siku mbili haimuumizi. Kwa mwenye overdrafti inamgharimu.

Overdrafti yenyewe ni ruhusa ya kutoa zaidi ya ulichonacho hadi kikomo mlichokubaliana. Riba hutozwa kwa siku, juu ya kiasi ulichokitumia tu. Inafaa kuziba pengo la siku chache kati ya kulipa mishahara na kulipwa na mteja. Kununulia mashine kwa overdrafti ni kosa, kwa sababu benki ina haki ya kuidai irudishwe wakati wowote, na mashine haiwezi kugeuka fedha kwa wiki moja.

Malizia na makato madogo: ada ya uendeshaji, ada ya ujumbe mfupi, ada ya kutoa, kodi ya serikali juu ya muamala. Yajumlishe ya miezi mitatu. Watu wengi hawajawahi kufanya hesabu hiyo hata mara moja.

Hatua ya 3: Mkataba wa mkopo, na hapa usiwe na haraka

Msingi wa mkopo ni kiasi ulichokopa. Riba ni bei ya kukitumia. Rejesho ni malipo ya kila mwezi, na ndani yake mna vipande viwili: sehemu inayolipa riba na sehemu inayopunguza msingi. Afisa mikopo atakutajia asilimia ya riba na rejesho la mwezi, nawe utaona umeelewa. Bado.

Kuna njia mbili kuu za kuhesabu riba. Riba bapa, ambayo wengi huiita riba ya flati, huhesabiwa juu ya kiasi chote ulichokopa tangu mwanzo hadi mwisho, hata kama umeshalipa karibu chote. Riba ya salio linalopungua huhesabiwa kila mwezi juu ya kilichobaki tu.

Chukua mkopo wa 1,200,000 kwa miezi 12, riba asilimia 18 kwa mwaka.

Kwa riba bapa, asilimia 18 ya 1,200,000 ni 216,000. Jumla ya kulipa ni 1,416,000, na rejesho la mwezi ni 118,000.

Kwa salio linalopungua, mwezi wa kwanza unatozwa asilimia 1.5 ya 1,200,000, yaani 18,000. Rejesho linakuwa takriban 110,016, kwa hiyo 92,016 inapunguza msingi na deni linabaki 1,107,984. Mwezi wa pili riba ni asilimia 1.5 ya hicho kilichobaki, kama 16,620, na sehemu inayopunguza msingi inakua. Hivyo hivyo hadi mwisho. Riba yote ya mwaka inafika kama 120,190.

Asilimia iliyotajwa ni ile ile 18, muda ni ule ule, lakini mmoja amelipa riba ya 216,000 na mwingine 120,000 na ushee. Ukiugeuza mkopo wa kwanza uusome kwa kipimo cha salio linalopungua, riba yake halisi ni karibu asilimia 32 kwa mwaka. Ndiyo maana mkopeshaji wa flati anaweza kutangaza asilimia ndogo kuliko jirani yake na bado akawa ghali zaidi. Nchi kadhaa zimewalazimisha wakopeshaji kutaja kiwango kimoja cha mwaka kinachobeba riba pamoja na ada. Marekani ilifanya hivyo kwa sheria ya mwaka 1968. Unapokopa, omba kiwango hicho. Wasipokuwa nacho, omba jedwali la marejesho, mwezi kwa mwezi, lenye safu ya riba, safu ya msingi na safu ya salio. Mkopeshaji asiyetaka kutoa jedwali ameshakujibu.

Halafu zipo ada. Ada ya kuchakata mkopo ya asilimia 2 kwenye mfano wetu ni 24,000, na kwa kawaida hukatwa hapo hapo. Mkononi unapokea 1,176,000 lakini riba unaendelea kulipa juu ya 1,200,000. Ongeza bima ya mkopo, gharama za wakili, gharama za kutathmini nyumba au gari. Bima ya mkopo iulize vizuri inamlinda nani na kwa jambo gani: nyingi hulipa salio la mkopo mkopaji akifariki au akipata ulemavu wa kudumu, na hazimsaidii aliyepoteza kazi.

Mikopo midogo ya simu inataka jicho la peke yake, kwa kuwa riba yake hutajwa kwa mwezi au hata kwa siku 14. Asilimia 10 kwa mwezi inasikika kama kitu kidogo. Ukikopa 1,000, usilipe, na riba ikawa inaongezwa juu ya deni kila mwezi, baada ya miezi 12 unadaiwa takriban 3,138. Wengine hawaiiti riba kabisa, wanaiita "ada ya huduma". Jina wanaloipa halibadilishi hesabu: gawanya unacholipa juu, kwa ulichopokea mkononi, utapata asilimia yako.

Maneno mengine ya kwenye mkataba yanapita haraka, ila yasome:

Kipindi cha neema ni miezi ya mwanzo ambayo hulipi rejesho. Mara nyingi riba inaendelea kuhesabiwa na kuongezwa kwenye deni, kwa hiyo neema hiyo unainunua.

Riba isiyobadilika hubaki ile ile muda wote. Riba inayobadilika hufungwa kwenye kiwango fulani cha rejea, mara nyingi kinachofuata riba ya benki kuu, kisha mkopeshaji anaongeza asilimia zake juu. Benki kuu ikipandisha, rejesho lako linapanda, au muda wa kulipa unarefuka kimyakimya huku rejesho likibaki pale pale.

Kupanga upya mkopo maana yake ni kurefusha muda ili rejesho lipungue. Pumzi unaipata kweli, na jumla ya riba inaongezeka.

Dhamana ni mali inayoweza kuchukuliwa usipolipa. Rehani ni dhamana ya ardhi au nyumba: unaendelea kukaa, hati imefungwa kwa mkopeshaji. Kuhusu kuuzwa kwa dhamana, watu hudhani nyumba ikipigwa mnada deni limekwisha. Katika nchi nyingi, mnada ukileta pungufu ya deni pamoja na gharama za dalali, kilichobaki bado unadaiwa.

Na swali ambalo wakopaji wengi hawaulizi: nikilipa mapema, inakuwaje? Kwenye mkopo wa flati, bila kifungu cha punguzo, unaweza kulipa mwezi wa nne na bado ukatakiwa kutoa riba ya mwaka mzima. Kwenye salio linalopungua unaokoa riba ya miezi iliyobaki, ingawa baadhi ya mikataba ina faini ya kulipa mapema. Jibu lake lidai kwa maandishi.

Hatua ya 4: Akiba na uwekezaji

Riba ya kawaida huhesabiwa juu ya kiasi cha mwanzo tu. Riba jumuishi huhesabiwa juu ya kiasi pamoja na riba iliyokwisha kuongezwa. Kwa 1,000,000 na asilimia 10 kwa mwaka, miaka mitatu ya riba ya kawaida inakupa 1,300,000. Riba jumuishi inakupa 1,331,000. Tofauti inaonekana ndogo kwa sababu miaka ni michache. Kuna hesabu ya haraka ya kujua fedha itajizidisha mara mbili lini: gawanya 72 kwa asilimia ya riba. Kwa asilimia 8 ni kama miaka 9, kwa asilimia 12 ni kama miaka 6. Hesabu hiyo hiyo inafanya kazi kwa deni.

Mfumuko wa bei ndio unaoamua kama umepata kitu. Akiba ikilipa asilimia 8 na bei za vitu zikapanda asilimia 10, kwenye taarifa utaona fedha imeongezeka, lakini uwezo wake wa kununua umepungua kwa karibu asilimia 1.8. Riba iliyotajwa ni ile ya kwenye tangazo. Riba halisi ni inayobaki baada ya kuondoa mfumuko. Mfano uliopita kiasi ni Zimbabwe, ambako Januari 2009 ilitolewa noti ya dola trilioni 100 za nchi hiyo na bado haikuwa na thamani ya maana. Mwaka huo huo watu wakaruhusiwa kufanya biashara kwa fedha za kigeni.

Hatifungani ni cheti cha kuikopesha serikali au kampuni. Ina thamani iliyoandikwa, ina kuponi, yaani riba inayolipwa kwa vipindi, na ina tarehe ya kuiva. Tuseme unayo ya 100,000 yenye kuponi ya asilimia 10: unapokea 10,000 kwa mwaka. Mpya zikianza kutolewa kwa asilimia 12, hakuna atakayenunua yako kwa 100,000 wakati sokoni kuna zinazolipa zaidi, kwa hiyo bei yake inashuka. Ukikaa nayo hadi iive unalipwa 100,000 yako kamili, mradi aliyeitoa ana uwezo wa kulipa. Hiyo ndiyo sababu ya sentensi inayoonekana ya ajabu kwenye habari za biashara, kwamba "riba imepanda, bei za hatifungani zimeshuka".

Hisa ni kipande cha umiliki. Gawio ni sehemu ya faida inayogawiwa wenye hisa, na halina ahadi: kampuni inaweza kupata faida na kuamua kuibakiza yote. Hisa ya 50 si "rahisi" kuliko hisa ya 500. Zidisha bei ya hisa kwa idadi ya hisa zote upate thamani ya kampuni sokoni, kisha linganisha na faida inayotengeneza. Na kampuni ikifilisika, wanaoshika dhamana hulipwa kwanza, wadai wengine hufuata, wenye hisa huwa wa mwisho, na mara nyingi hawakuti kitu.

Kuhusu neno "uhakika": anayekuahidi faida kubwa ya kila mwezi isiyoyumba, ukimuuliza fedha inazalishwa wapi akajibu kwa kukuonyesha waliokwisha kulipwa, ondoka. Mwaka 1920 huko Boston, Charles Ponzi aliahidi asilimia 50 kwa siku 45, akawa anawalipa wa mwanzo kwa fedha za waliokuja nyuma. Sura ya mchezo hubadilika tu.

Hatua ya 5: Ankara na karatasi za kuuziana

Hapa ni pa kupita upesi, ila usichanganye karatasi. Profoma ni makadirio ya bei kabla ya kuuziana, haikufanyi udaiwe. Ankara ni dai: mali imetolewa, lipa kabla ya tarehe hii. Risiti ni ushahidi kwamba umelipa. Hati ya krediti hupunguza dai, kwa mfano mali ilipokuwa na kasoro ikarudishwa. Anayekuonyesha ankara kama ushahidi wa malipo hajakuonyesha ushahidi wowote.

Kodi ya ongezeko la thamani unayomtoza mteja si mapato yako. Umeishika kwa niaba ya serikali. Wengi huitumia, ikifika siku ya kuwasilisha wanakopa. Hesabu yake nayo ina kosa moja la kawaida. Kama kiwango ni asilimia 20 na bei pamoja na kodi ni 120, kodi iliyomo ni 20, si 24. Gawanya 120 kwa 1.20 upate bei kabla ya kodi, ndipo utoe.

Katika biashara ya kuvuka mipaka utakutana na barua ya mkopo, jina ambalo linapotosha kidogo kwa kuwa kazi yake kubwa ni kuhakikisha malipo. Benki ya mnunuzi inaahidi kumlipa muuzaji akiwasilisha hati zilizotajwa: hati ya shehena, ankara, cheti cha bima na kadhalika. Kanuni zinazotumika duniani, zilizotolewa na Chemba ya Kimataifa ya Biashara na kuanza kutumika Julai 2007, zinasema wazi kwamba benki zinashughulika na hati, si na bidhaa. Ukiwa mnunuzi, hati zikiwa sawa benki italipa hata kama ndani ya kontena mna takataka, kwa hiyo weka cheti cha ukaguzi kati ya hati zinazotakiwa. Ukiwa muuzaji, herufi moja iliyokosewa kwenye jina inaweza kuchelewesha fedha yako.

Hatua ya 6: Hesabu za biashara

"Nimepata faida." Faida ipi? Mauzo ni thamani ya vyote ulivyouza, pamoja na vya mkopo. Toa gharama ya bidhaa zenyewe, unabaki na faida ghafi. Toa kodi ya pango, mishahara, umeme, usafiri: hiyo ni faida ya uendeshaji. Toa riba na kodi ya mapato: hiyo ndiyo faida halisi. Mtu akikupa biashara ununue na kukutajia faida bila kusema ipi, mwambie ashuke ngazi zote hadi chini.

Asilimia ya faida nayo ina pande mbili. Ukinunua kwa 80 ukauza kwa 100, faida ni 20. Juu ya gharama hiyo ni asilimia 25; juu ya mauzo ni asilimia 20. Mwenye biashara anayetoa punguzo la asilimia 25 kwa sababu "naongeza asilimia 25" anauza kwa 75 kitu alichokinunua kwa 80. Kosa hili linafanywa na watu wazima wenye maduka, msimu hadi msimu.

Uchakavu ni gharama isiyotoka mfukoni mwezi huu. Mashine ya 600,000 utakayoitumia miaka mitano inagawanywa 120,000 kila mwaka kwenye hesabu ya faida, ingawa fedha ulitoa siku moja. Hiyo ni sababu mojawapo ya faida na fedha kutolingana. Sababu kubwa zaidi ni wadaiwa. Ukiuza mali ya 500,000 kwa mkopo wa siku 60, daftari linasema umepata faida leo. Mfanyakazi wako anataka mshahara mwisho wa mwezi. Mtiririko wa fedha hufuata siku fedha inapoingia na kutoka kweli, na biashara nyingi zinazokufa zikiwa na wateja hufa hapo. Mtaji wa uendeshaji ni fedha inayokubeba katika hizo siku 60. Anayepanga kukua mara mbili bila kuuongeza atajikuta ana oda nyingi na hana fedha ya kununulia mali.

Mizania inaonyesha hali ya biashara kwa siku moja: mali upande mmoja, na upande wa pili dhima, yaani madeni, pamoja na mtaji wa mwenyewe. Pande hizo lazima zilingane, kwa kuwa kila mali imenunuliwa ama kwa fedha ya watu ama kwa fedha ya mwenye biashara. Ukiisoma, usitazame jumla tu. Tazama mali ipi inaweza kugeuka fedha ndani ya mwaka, na deni lipi linadaiwa ndani ya mwaka. Huo ndio ukwasi. Benki ya Lehman Brothers ya Marekani ilipotangaza kufilisika Septemba 15, 2008, hesabu zake zilionyesha mali ya dola bilioni 639 dhidi ya madeni ya bilioni 613. Mali ilikuwa kubwa kuliko deni, walau kwa maandishi. Fedha ya kulipa wiki ile ndiyo iliyokosekana, na thamani ya ile mali hakuna aliyeiamini tena.

Mwisho kwenye sehemu hii, dhima yenye ukomo. Kampuni ikisajiliwa hivyo, madeni yake yanaishia kwenye mali ya kampuni, na mwenye hisa anapoteza alichowekeza. Biashara ya mtu binafsi haina ukuta huo: deni la duka ni deni la nyumbani. Lakini ukuta wenyewe una mlango, na benki hupenda kuutumia. Inakubali kuikopesha kampuni kwa sharti kwamba wakurugenzi watie saini kama wadhamini. Wakishatia, wamejitoa kwenye ulinzi walioulipia usajili.

Hatua ya 7: Ukiombwa udhamini

Hii ndiyo karatasi inayotiwa saini kwa haraka kuliko zote, kwa kuwa inaletwa na shemeji au mfanyakazi mwenzako, na anayeileta anasema ni ya kukamilisha utaratibu tu.

Tafuta kwanza maneno "kwa pamoja na kila mmoja peke yake". Maana yake mkiwa wadhamini watatu wa deni la 900,000, mkopeshaji halazimiki kudai 300,000 kwa kila mmoja. Anaweza kukudai wewe 900,000 yote kwa sababu mshahara wako ndio rahisi kuufikia, kisha akuache wewe uwafuate wenzako.

Tafuta pili kama mkopeshaji lazima amalizane na mkopaji kwanza. Mikataba mingi inakuondolea haki hiyo: siku mkopaji akishindwa kulipa, wewe unadaiwa kama uliyekopa mwenyewe.

Tatu, angalia kama udhamini una kikomo. "Madeni yote ya sasa na ya baadaye" ni kifungu cha kukikataa. Taka kiandikwe kiasi na tarehe ya mwisho, na mkopo ukiongezwa au kupangwa upya, uombwe idhini yako tena. Nne, taka mkopeshaji akujulishe kwa maandishi rejesho la kwanza likichelewa, maana bila hivyo utapata habari deni likiwa limeshanenepa kwa faini. Mkopo ukiisha, usiridhike na neno la mkopaji. Nenda mwenyewe ukachukue barua ya kuachiliwa udhamini, uiweke pamoja na nakala ya mkataba.